Kufikia Vifaa vya Wateja kwa Usalama Kupitia Lango la Mbali: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ukurasa huu umeandikwa kwa ajili ya mafundi, wahandisi na wasimamizi wa mitandao ambao kazi yao inawalazimu kuhudumia vifaa visivyo vyao, yaani vidhibiti vya mitambo, kamera, mita, ruta na seva zilizo ndani ya mtandao wa mteja, bila kusafiri hadi vilipo. Unamfaa pia mteja anayeombwa kuruhusu huduma hiyo na anayetaka kujua anakubali nini. Msimamo unaoongoza majibu yote ni mmoja: ruhusa ya kuingia itolewe kwa mtu anayejulikana kwa jina, kwa kifaa kilichotajwa, kwa muda wenye mwisho, na mwenye mtandao abaki na kauli ya mwisho.

Lango la mbali ni nini hasa?

Ni kifaa kidogo, au programu iliyowekwa kwenye seva, kinachokaa ndani ya mtandao wa mteja na kusimama kati ya mafundi walio nje na vifaa vilivyo ndani. Lango lenyewe ndilo linaloanzisha mawasiliano: linatoka kwenda kwenye seva ya kati, linajithibitisha kwa cheti chake cha kidijitali (kitambulisho chake cha kielektroniki), kisha linaidumisha njia hiyo iliyosimbwa, yaani iliyofichwa ili isomwe na wahusika tu. Fundi naye anaingia kwenye seva hiyo hiyo kutoka alipo. Seva ikishamtambua na kuhakikisha kwamba ana ruhusa, inaziunganisha pande hizo mbili, na lango linapeleka mawasiliano ya fundi hadi kwenye kifaa alichoruhusiwa, si kingine.

Kwa kuwa mawasiliano huanzia ndani kwenda nje, upande wa mteja hakuna poti (mlango wenye namba ambao huduma ya mtandao hupokelea mawasiliano) hata moja inayosubiri kubishwa hodi kutoka intaneti. Hiyo ndiyo tofauti kubwa kati ya lango na njia za zamani, na mengi yanayofuata hapa chini yanatokana nayo.

Kwa nini tusifungue tu poti kwenye ruta ya mteja?

Kwa sababu poti iliyofunguliwa haimjui fundi wako. Inamfungukia kila aliye kwenye intaneti. Anwani za IPv4, ambazo vifaa hutambulika kwazo mtandaoni, kwa jumla ni takriban bilioni 4.3, idadi inayoonekana kubwa mpaka ukumbuke kwamba mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan walitoa programu ya ZMap, iliyoweza kuzipekua zote kwa poti moja kwa chini ya dakika 45, kwa kutumia kompyuta moja yenye muunganisho wa kasi. Tangu hapo upekuzi umekuwa jambo la kila saa. Poti ikifunguliwa leo haihitaji kutafutwa na adui mwenye kisa na mteja wako. Itapatikana tu kama zinavyopatikana nyingine zote.

Isitoshe, vifaa vingi havikuundwa kwa ajili ya mazingira hayo. Itifaki ya Modbus, yaani kanuni za mawasiliano kati ya vifaa vya viwandani, ilitolewa na kampuni ya Modicon mwaka 1979 kwa ajili ya nyaya za ndani ya kiwanda, na toleo lake la mtandao, linalotumia poti 502, katika sura yake ya kawaida halina nenosiri wala usimbaji. Anayeifikia poti hiyo husoma thamani za rejista (nafasi ambamo kifaa huhifadhi namba zake) na, aghalabu, huzibadilisha pia, bila kuulizwa yeye ni nani. Kamera nazo zina historia yake. Programu hasidi ya Mirai, iliyovuma mwaka 2016, iliteka vifaa vingi mno kwa kujaribu orodha ya majina na manenosiri ya kiwandani yasiyozidi sabini hivi. Haikuhitaji ujanja wowote wa kuvunja usimbaji.

Wapo wanaojitetea kwamba wamebadilisha namba ya poti, mathalani kutoka 3389 ya kompyuta ya mbali ya Windows kwenda namba nyingine isiyo ya kawaida. Hilo halisaidii, kwa kuwa programu ya upekuzi huitambua huduma kwa namna inavyojibu wala haitegemei namba. Kuruhusu anwani chache za chanzo peke yake ni nafuu, lakini anwani za mafundi hubadilika, na hata zisipobadilika hazikuambii ni nani aliyeketi mbele ya kompyuta.

Je, mteja anatakiwa kufungua nini kwenye fayawoli yake, yaani ukuta unaochuja mawasiliano ya mtandao?

Kwa kawaida ni ruhusa ya kutoka nje tu, kutoka kwenye anwani ya lango hadi kwenye seva ya kati iliyotajwa kwa jina, kwa itifaki ya usafirishaji ya TCP, poti 443. Lango linahitaji pia kutafuta anwani za majina ya seva kupitia DNS, na kupata saa sahihi kupitia NTP kwenye itifaki nyingine ya usafirishaji, UDP, poti 123. Mafundi wengi huisahau NTP. Saa ya lango ikienda kombo, cheti halali huonekana kana kwamba kimekwisha muda au bado hakijaanza, na muunganisho hukataliwa kwa sababu ambayo huchukua siku nzima kuitafuta. Baadhi ya malango hutumia UDP kwa ajili ya kasi, kama vile poti 1194 ya programu ya OpenVPN au 51820 inayotumika sana na programu ya WireGuard. Mwulize mtengenezaji, kisha uruhusu kile kile alichokitaja na si zaidi.

Jambo moja huleta mvutano katika mashirika makubwa. Fayawoli nyingine hufungua mawasiliano yaliyosimbwa ili kuyakagua, kisha huyafunga upya kwa cheti chake yenyewe. Lango zuri litagundua kwamba cheti lililokionyeshwa si cha seva yake na litakataa kuunganishwa. Hapo lango halijaharibika, bali linafanya kazi yake. Suluhisho ni kuomba anwani ya seva ya kati iondolewe katika ukaguzi huo, na ombi hilo lifanywe kwa maandishi yenye sababu, kwa maana msimamizi wa mtandao ana haki ya kuuliza kwa nini mawasiliano haya yasionekane. Kamwe usikubali ushauri wa kuzima uhakiki wa cheti kwenye lango ili mambo yaende.

Lango liwekwe wapi ndani ya mtandao wa mteja?

Katika sehemu yake ya pekee, iliyotenganishwa kwa VLAN (mgawanyo wa mtandao unaofanywa kwa mipangilio) au kwa waya, na fayawoli ya mteja ikae kati yake na vifaa vinavyohudumiwa. Lango lenye poti mbili za mtandao, moja upande wa intaneti na nyingine upande wa mitambo, lisiachwe kupitisha mawasiliano ya jumla kati ya pande hizo. Likifanya hivyo limegeuka ruta, na utenganisho ambao mteja aliulipia kwa miaka mingi umetoweka siku moja ya usakinishaji.

VPN ya kawaida haitoshi?

VPN (njia ya faragha iliyosimbwa inayopita juu ya intaneti) inajibu swali la kwanza tu, yaani jinsi ya kusafirisha mawasiliano bila kusomwa njiani. Haijibu swali la pili: mtu akishaingia, aone nini? Katika mipangilio mingi niliyoiona, fundi akiunganishwa kwa VPN hupewa anwani ndani ya mtandao wa mteja na kuanzia hapo anaweza kuigusa seva ya mahesabu sawasawa na mashine aliyoitwa kuitengeneza. Kompyuta yake ikiwa na virusi, virusi navyo vimepata anwani hiyo hiyo.

Mifano iko wazi kwa wote. Mwaka 2013 duka kubwa la Marekani la Target liliibiwa taarifa za kadi za malipo takriban milioni 40, na wezi walianzia kwenye jina na nenosiri vilivyoibwa kutoka kampuni ya nje iliyokuwa ikihudumia majokofu na viyoyozi. Tarehe 23 Desemba 2015 wavamizi walizima umeme kwa wateja wapatao 225,000 nchini Ukraine. Walikuwa wamekwisha kuiba majina na manenosiri ya wafanyakazi, wakaingia kwa VPN isiyokuwa na hatua ya pili ya uthibitishaji, na wahudumu wa chumba cha udhibiti wakakiona kishale cha kompyuta kikifungua swichi za umeme mbele ya macho yao. Katika matukio yote mawili aliyeingia alionekana kwa mfumo kama mtu halali, na hakikuwapo kizuizi cha kutosha kati ya alipoingilia na alipokuwa akielekea.

Lango lililopangwa vizuri hutoa ruhusa kwa jozi ya kifaa na poti. Fundi wa kamera anaiona kamera kwenye poti 443, basi. Akijaribu kuipekua mitaa mingine ya mtandao hapati jibu, kwa sababu kwake mitaa hiyo haipo. Ndani ya lango hilo inaweza kabisa kutumika teknolojia ya VPN. Kinachobadilika ni upana wa ruhusa.

Ni nani anayeamua kwamba fundi aingie?

Mteja. Jibu hili huonekana dhahiri likiandikwa, lakini katika utekelezaji aghalabu hupinduliwa: mtoa huduma anafunga lango, analiacha likiwa wazi mwaka mzima, na mteja anasahau hata kwamba lipo. Ninalisisitiza kwa sababu ndipo usalama wa kweli unapopatikana au kupotea. Njia iliyo wazi kila wakati inamnufaisha fundi kwa saa chache za mwezi, ilhali saa zote zilizobaki inamnufaisha mvamizi peke yake.

Zipo namna tatu za kumrudishia mteja mamlaka yake, na zinaweza kutumika kwa pamoja. Ya kwanza ni swichi halisi, mara nyingi ya ufunguo, iliyounganishwa kwenye pembejeo ya kidijitali ya lango (sehemu inayopokea ishara ya swichi), ambayo mhudumu wa mtambo huizungusha anapotaka msaada na kuirudisha kazi inapokwisha. Kwa mitambo inayoweza kuumiza watu naiona hii kuwa bora kuliko zote, kwa kuwa hakuna anayeweza kuizungusha akiwa mbali. Ya pili ni idhini ya kila ombi: fundi anaomba, msimamizi wa mteja anapata taarifa kwenye simu, anasoma ni nani na anataka nini, kisha anakubali au anakataa. Ya tatu ni ratiba, inayofaa kwa matengenezo yaliyopangwa mapema.

Katika zote, ruhusa iwe na saa ya mwisho na ijifunge yenyewe. Ruhusa inayomsubiri mtu akumbuke kuifunga haitafungwa. Na mteja awe na uwezo wa kukata kipindi kinachoendelea, papo hapo, pasipo kumwomba mtu yeyote.

Kipindi kimoja kinakwendaje tangu mwanzo hadi mwisho?

Tuchukue kidhibiti cha pampu kilichotoa hitilafu. Fundi anafungua kivinjari, anaingia kwa akaunti yake mwenyewe, anaweka tarakimu sita zinazobadilika kila sekunde 30, kisha anachagua mteja na kifaa. Anajaza sababu, kwa mfano «hitilafu ya kihisi cha shinikizo, pampu ya pili, kusoma tu», na kuomba saa mbili. Ombi linamfikia msimamizi wa zamu upande wa mteja, ambaye anaona jina la fundi, kampuni yake, kifaa, poti na muda. Anakubali. Lango linafungua njia kwenda anwani 192.168.1.10, poti 102 ambayo vidhibiti vya familia ya Siemens S7 huitumia, na halifungui kingine.

Fundi sasa anafungua programu yake ya uhandisi kama vile angeunganisha waya kwenye kidhibiti chenyewe. Anasoma thamani za kihisi, anagundua kwamba imeganda kwenye namba moja, anamwambia mhudumu kwa simu akague waya. Akifunga kipindi baada ya dakika 40, njia inafutwa wakati huo huo, ijapokuwa muda aliopewa haujaisha. Kwenye kumbukumbu zinabaki saa ya ombi, jina la aliyekubali, saa ya kuanza na kumaliza, anwani ya fundi na kiasi cha data kilichopita kila upande.

Angalia neno «kusoma tu» katika ombi lile. Malango mengi hayawezi kulilazimisha kwa itifaki ya kidhibiti, kwa hiyo hubaki kuwa ahadi ya fundi. Ikiwa kidhibiti chenyewe kina kiwango cha ruhusa ya kusoma kinacholindwa kwa nenosiri, kitumike. Usidhani kwamba lango limekufanyia.

Je, timu yetu inaweza kutumia akaunti moja kwa pamoja?

La. Akaunti ya pamoja inaua kumbukumbu, kwani kila kitendo kinabaki kuwa cha «huduma» au «msimamizi», na mtu akiacha kazi hakuna namna ya kumwondoa yeye peke yake bila kubadilisha nenosiri la wote. Kila fundi awe na akaunti yake, yenye uthibitishaji wa hatua mbili bila kuwasamehe wakubwa wala akaunti za zamani. Akaunti za zamani hasa ndizo za kuogopwa: Mei 2021 kampuni ya mabomba ya mafuta ya Colonial Pipeline nchini Marekani ilisimamisha usafirishaji kwa siku kadhaa baada ya wavamizi kuingia kwa VPN ya zamani, kwa akaunti iliyokuwa na nenosiri tu pasipo hatua ya pili.

Kuhusu hatua ya pili yenyewe, ufunguo wa maunzi (kifaa kidogo cha kuchomeka) unaotumia kiwango cha uthibitishaji cha FIDO2 ni imara kuliko tarakimu za kwenye simu, kwa sababu tovuti bandia inaweza kumlaghai mtu akaandika tarakimu, bali haiwezi kuufanya ufunguo ujibu kwa jina la tovuti isiyo yake. Ujumbe mfupi wa simu uwe chaguo la mwisho.

Na manenosiri ya vifaa vyenyewe?

Yahifadhiwe kwenye hazina ya siri iliyosimbwa, na pale lango linapoweza, yaingizwe na lango lenyewe ili fundi asiyaone. Nenosiri la kiwandani libadilishwe kabla kifaa hakijaunganishwa, na lisiwe moja kwa wateja wote. Hilo la mwisho huvunjwa kila mahali kwa ajili ya urahisi, na madhara yake ni kwamba siri ya mteja mmoja ikivuja, wote wamevujiwa.

Wateja wetu wengi wana anwani zile zile. Tutawatofautishaje?

Hali hiyo ni ya kawaida. Anwani za faragha zilizotengwa mwaka 1996 katika waraka wa RFC 1918 ni za makundi matatu, yaani 10.0.0.0/8, 172.16.0.0/12 na 192.168.0.0/16, na watengenezaji wa ruta wamezoea kuanzia 192.168.0.0 au 192.168.1.0. Mtoa huduma mwenye wateja hamsini atakuwa na vifaa vingi vinavyojiita 192.168.1.10.

Usimwombe mteja abadilishe anwani zake. Lango hutafsiri: kwa fundi, kifaa cha mteja wa kwanza kinaonekana kama 10.51.1.10 na cha mteja wa pili kama 10.52.1.10, kisha lango la kila mmoja linarudisha anwani halisi. Wapo wanaokwepa jambo hili kwa kumruhusu fundi aunganishwe kwa mteja mmoja tu kwa wakati mmoja, na kwa hakika zuio hilo lina faida yake, kwa kuwa linaondoa hatari ya kutuma amri kwenye mtambo wa mteja asiyehusika. Ikiwa mtaruhusu miunganisho miwili kwa pamoja, jina la mteja lionekane kwa herufi kubwa kwenye skrini muda wote.

Tahadhari moja: itifaki ambazo huandika anwani ndani ya ujumbe wenyewe hazifurahii tafsiri hiyo. Vilevile, programu zinazotafuta vifaa kwa kutangaza kwa wote mtandaoni hazitaviona kupitia njia iliyopangwa kwa IP, hivyo fundi aandike anwani kwa mkono.

Eneo la mteja lina laini ya simu tu, bila anwani ya umma. Itawezekana?

Ndiyo. Kampuni za simu huwaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja, na kwa ajili hiyo ilitengwa anwani 100.64.0.0/10 mwaka 2012. Kwa kuwa lango linatoka nje lenyewe, halihitaji kufikiwa. Kagua tu gharama ya data, kwa maana picha za kamera huimaliza haraka kuliko vidhibiti.

Muunganisho unakatika au unakwenda polepole. Tuanzie wapi?

Ukikatika baada ya ukimya wa dakika chache, shuku kwanza kwamba ruta au fayawoli ya njiani inasahau miunganisho isiyotumika. Ujumbe mdogo wa kuidumisha njia hutibu hilo. Kwa WireGuard, sekunde 25 ndiyo thamani inayopendekezwa sana.

Ukiona kwamba unaingia vizuri lakini skrini inaganda mara tu data kubwa inapoanza kusafiri, shuku ukubwa wa pakiti. Mtandao wa Ethaneti hubeba baiti 1500, na usimbaji huchukua sehemu yake. Ndiyo maana WireGuard kwa kawaida huanzia 1420. Njia ya simu inaweza kudai ndogo zaidi. Punguza mpaka tatizo liishe, kisha andika ulichobadilisha mahali ambapo mwenzako atakiona.

Ucheleweshaji ni suala lingine, wala hauponywi kwa mpangilio. Setilaiti iliyo kilomita 35,786 juu ya ikweta hulazimisha takriban nusu sekunde au zaidi kati ya swali na jibu, na programu za uhandisi zilizozoea waya mfupi hukata tamaa mapema. Ongeza muda wa kusubiri ndani ya programu ikiwa inaruhusu, au tumia kompyuta iliyo upande wa mteja na kuleta kwako picha ya skrini tu.

Je, tunaweza kusasisha programu dhibiti (programu ya ndani ya kifaa) au kuwasha mtambo kwa mbali?

Kitaalamu inawezekana, na hapa ndipo ninapoomba uangalifu wa juu kabisa. Mtu aliye mbali haoni kama mwenzake ameingiza mkono kwenye mashine. Amri yoyote inayoweza kusogeza kitu, kupasha moto, kufungua vali au kuondoa shinikizo itolewe tu wakati kuna mtu pale pale, mwenye mawasiliano ya sauti na fundi na mwenye uwezo wa kubonyeza kitufe cha dharura. Kitufe hicho na mifumo ya kulinda uhai wa watu isipitie kwenye lango kwa namna yoyote, wala isibadilishwe kupitia lango.

Kwa usasishaji, chukua nakala ya programu na mipangilio iliyopo kabla ya kugusa chochote, na hakikisha kwamba faili mpya ina sahihi ya kidijitali ya mtengenezaji. Tuma kwanza faili yote hadi kwenye kompyuta iliyo ndani ya mtandao wa mteja, kisha uanzishe usasishaji kutoka hapo, ili mtandao ukikatika katikati kifaa kisibaki na nusu ya programu. Lango lenyewe lisisasishwe siku moja na kifaa kinachotegemea lango hilo kufikiwa.

Kompyuta ya fundi nayo inahusika?

Inahusika sana. Iwe na diski iliyosimbwa na masasisho ya karibuni, na isitumike na watoto nyumbani. Uhamishaji wa faili uzimwe isipokuwa unahitajika, na faili zipimwe virusi pande zote mbili. Mteja mwenye mitambo muhimu ana haki ya kudai kwamba fundi asiunganishe kompyuta yake moja kwa moja, bali atumie kompyuta ya kati ambayo programu zake zinajulikana.

Mwenye huduma ya lango anaweza kuona data yetu, au kuingia?

Inategemea usimbaji unaishia wapi. Ikiwa njia ya fundi inafunguliwa kwenye seva ya kati kisha kusimbwa upya, basi mwenye seva ana uwezo wa kuona, hata kama ameahidi kutotazama. Ikiwa usimbaji ni kutoka kompyuta ya fundi hadi lango, na funguo za faragha hazitoki kwenye vifaa hivyo viwili, seva hupitisha kile ambacho yenyewe haiwezi kukisoma. Uliza swali hili kabla ya kununua na udai jibu la maandishi, likieleza pia ni nani anayeweza kumwongeza mtumiaji mpya, kwani anayeweza kujiongeza hahitaji kuvunja usimbaji.

Mnamo Julai 2021 wavamizi walitumia udhaifu katika programu ya Kaseya VSA, inayotumiwa na kampuni zinazosimamia kompyuta za wateja kwa mbali, na kusambaza programu hasidi ya kudai fidia. Kampuni zilizovamiwa moja kwa moja zilikuwa chache, lakini kupitia kwao biashara zipatazo 800 hadi 1,500 ziliathirika. Nchini Uswidi maduka ya Coop yalifungwa kwa kuwa mashine za malipo hazikufanya kazi. Kwa hiyo mteja asiitegemee seva ya kati peke yake: fayawoli yake iendelee kuweka mipaka ya kile ambacho lango linaweza kukifikia, kana kwamba lango lenyewe siku moja litatekwa.

Kumbukumbu zihifadhiwe vipi?

Zitumwe mara moja mahali ambapo fundi na lango hawawezi kuzifuta, saa zote ziandikwe kwa UTC (saa ya pamoja ya dunia), na mteja apate nakala yake bila kuiomba. Urefu wa kuzihifadhi hufuata sheria na mkataba. Kurekodi video ya skrini kunafaa kwa mitambo nyeti, mradi mafundi wameelezwa waziwazi. La msingi zaidi ni kwamba kuwe na mtu anayezisoma, walau kutafuta vipindi vya usiku wa manane, maombi yaliyokataliwa mara nyingi na akaunti zilizoamka baada ya miezi ya ukimya.

Tufanye nini na vifaa vya zamani visivyopata masasisho tena?

Mara nyingi mteja hawezi kuvibadilisha, na si haki kumlaumu. Viwekwe nyuma ya lango, vizuiwe kabisa kutoka intaneti, na usimbaji ufanywe na lango kwa niaba yao. Matoleo ya zamani ya TLS (itifaki ya kusimba mawasiliano), yaani 1.0 na 1.1, yaliyoondolewa rasmi mwaka 2021, yabaki katika kipande kifupi kati ya lango na kifaa, wala yasionekane kwingine.

Fundi akiacha kazi, au mkataba ukiisha?

Akaunti ya fundi ifungwe siku hiyo hiyo, na vipindi vyake vilivyo hai vikatwe, kwa kuwa kufunga akaunti pekee wakati mwingine hakumtoi aliyekwisha kuingia. Ikiwa aliwahi kuyaona manenosiri ya vifaa, yabadilishwe.

Mkataba ukiisha, cheti cha lango kibatilishwe kwenye seva ya kati, sheria ya fayawoli iliyoliruhusu kutoka iondolewe, na lango lichomolewe na kufutwa mipangilio kabla ya kurudishwa. Mteja akabidhiwe nakala za programu za vifaa vyake, manenosiri yote na kumbukumbu za vipindi, kisha pande zote mbili zijaribu kuingia kwa njia ya zamani na kuhakikisha kwamba zimekataliwa.